Umerekodi skrini ukiandika programu, sasa unaiediti vipi? Mwongozo kwa anayeanza

Habari zenu wadau. Maswali ni yale yale kila wiki, leo dogo wa Chikongola, kesho binti wa Mtanda kule Lindi, "kaka nimerekodi saa nzima naandika Python, nifanyeje iwe video ya kueleweka", mwingine sauti inatangulia picha, mwingine maandishi hayasomeki kwenye simu. Nimeona niweke yote sehemu moja, ukikwama urudi hapa usome.

Kuna kitu kimoja nakitanguliza maana ndo wengi wanapokosea. Kwenye video ya kuandika programu laivu unakata KUSUBIRI, hukati KUKOSEA. Anayejifunza hajaja kukuona unapiga kibodi bila kosa hata moja, amekuja kuona ukikwama unatokaje. Ukifuta makosa yako yote, siku programu yake ikigoma atajiona yeye ndo hana akili, wakati na wewe iligoma mara sita, ukamficha tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laptopu. RAM ya GB 4 inawezekana ukibaki kwenye 720p (picha ya 1280 kwa 720), ukiwa na GB 8 unapumua. Acha nafasi kama GB 10 kwenye diski.
- OBS Studio ya kurekodia na Shotcut ya kuediti. Zote za bure, zipo za Windows, Mac na Linux. Pakua kwenye tovuti zao wenyewe, usipewe kwenye fleshi ya mtu hata kama unabana bando, virusi vinatembea sana kwenye fleshi.
- Hedifoni za waya. Spika za laptopu zinakuficha makelele ambayo mtazamaji mwenye hedifoni atayasikia yote.
- Simu yako, itakuwa maiki.
- Karatasi na kalamu. Usiruke hii, utaona kazi yake kwenye hatua ya 6.

Wengi wanauliza kama lazima wanunue programu kubwa za kulipia. Hapana. Kazi yetu ni kukata, kuunganisha, kukuza sehemu ya skrini na kusafisha sauti, Shotcut inatosha kabisa. Mwenye simu tu anaweza kuediti kwenye CapCut na wazo la kukata ni lile lile, ila kwenye kioo kidogo vile utapata tabu kuona kama mstari wa kodi (yani maandishi ya programu, siyo kodi ya serikali) umekatika pabaya.

Kabla ya kurekodi (hapa ndo nusu ya kuediti)

1. Panga ukubwa wa skrini. Laptopu nyingi za huku ni 1366 kwa 768. Ukirekodi hivyo afu ukatoa video ya 1280 kwa 720, picha inabanwa na herufi zinapata ukungu. Ingia kwenye mipangilio ya kioo cha kompyuta, kama 1280 kwa 720 ipo ichague kabla hujarekodi, afu kwenye OBS fungua Settings, Video, weka 1280x720 kote kuwili, juu na chini. Wewe utaona kioo chako kimefifia kidogo, usijali, rekodi itatoka safi. Mwenye kioo cha 1920 kwa 1080 na mashine yenye nguvu arekodi hivyo hivyo.

2. Kuza herufi. Kwenye VS Code, au programu yoyote unayoandikia kodi, bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka uone mistari kama 20 hivi tu kwenye skrini, na terminali (dirisha linapotokea jibu la programu) nayo ikuze. Utaona kama ni makubwa mno, lakini kumbuka mtu wako anaangalia kwenye simu akiwa kwenye daladala. Funga vidirisha vya pembeni usivyotumia, zima na taarifa za WhatsApp zinazoruka kwenye kona.

3. Rekodi kwa MKV, usirekodi kwa MP4 ya kawaida (zote ni aina za faili la video). Hii naomba uishike. Umeme ukikatika katikati, betri imekufa, faili la MP4 la kawaida linabaki halifunguki kwa sababu maelezo yake muhimu yanaandikwa mwishoni unapobonyeza kusimamisha. MKV inabaki na kila kilichorekodiwa mpaka sekunde ile. Mimi nilipoteza dakika 50 za somo la vitanzi (loops) namna hiyo, nikalirudia lote kesho yake na halikutoka vizuri kama la kwanza. Ukimaliza kurekodi, ndani ya OBS nenda File, Remux Recordings, inakugeuzia MKV kuwa MP4 kwa sekunde chache na ubora haushuki.

4. Sauti. Maiki ya laptopu inachukua feni, inachukua kibodi, inachukua na bodaboda inayopita nje. Washa programu ya kurekodi sauti kwenye simu, iweke mezani juu ya kitambaa, shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo siyo usawa wa pumzi. OBS nayo iache irekodi sauti ya laptopu, hiyo ni ya kulinganishia tu. Ukishawasha vyote viwili piga kofi MOJA kubwa. Huku kwetu joto lakini feni zima ukiweza, mimi narekodi alfajiri baada ya swala, kumetulia na hakujachemka bado. Mvua ikianza kupiga bati simamisha tu, hakuna filta itakayoiondoa ile.

5. Ukikosea kusema wakati unarekodi usisimamishe rekodi. Nyamaza sekunde mbili, piga makofi MAWILI, sema upya sentensi nzima. Kwenye Shotcut yale makofi yanaonekana kama miiba miwili iliyosimama kwenye mchoro wa sauti, unayaona kwa macho bila kusikiliza. Hii peke yake imenipunguzia kazi kuliko mbinu nyingine yoyote.

Sasa kuediti

6. Sikiliza rekodi yote mara moja bila kugusa kitu. Ndiyo, yote. Andika kwenye karatasi dakika na neno moja: "3:10 kimya", "7:40 inapakua", "14:20 kosa, ACHA". Anayeanza anakimbilia kukata, akifika nusu anagundua alichokata mwanzoni ndo alikitegemea kwenye maelezo ya mwisho.

7. Fungua Shotcut. Kwenye Settings, Video Mode, chagua HD 720p 30 fps (au 1080p kama ulirekodi hivyo). Vuta faili lako ndani, bonyeza A liingie kwenye taimlaini (sehemu ya chini unapopanga vipande), afu Ctrl+S hapo hapo kabla hujafanya lolote. Faili la mradi linaishia na .mlt na ndani yake HAKUNA video, kuna maelezo tu ya video iko folda gani. Kwa hiyo weka kila kitu kwenye folda moja na usihamishe wala kubadili majina mpaka umalize.

8. Unganisha sauti ya simu. Ongeza traki ya sauti (mstari wa pili kwenye taimlaini), vuta faili la simu, kuza taimlaini mpaka uuone mwiba wa lile kofi la mwanzo kwenye sauti zote mbili, isogeze ya simu mpaka miiba ikae sawa. Nenda na mwishoni uhakikishe bado zimekaa sawa. Zikiwa sawa, zima sauti ya video.

Angalizo kubwa: ukishakuwa na traki mbili, ukikata moja na kufuta, ile nyingine inabaki palepale na kuanzia hapo mdomo na picha vinaachana. Washa Ripple All Tracks kabla hujaanza, na kila unapokata zikate traki ZOTE mbili sehemu ile ile. Kama hiyo inakuchanganya kuna njia nyepesi, ukishalinganisha toa video nzima kama faili moja jipya lenye sauti ya simu, afu anza kukata hilo. Inakula muda wa mashine lakini kichwa kinatulia, na kwa mara ya kwanza nakushauri ufanye hivi.

9. Kata. Weka kimstari mwanzo wa sehemu mbovu, bonyeza S. Kiweke mwisho wake, bonyeza S tena. Bofya kipande cha katikati, bonyeza X. Basi, ndo kukata kwenyewe. Usitumie Delete, hiyo inatoa kipande na kuacha shimo jeusi.

Vya kukata bila huruma: pip (kipakuzi cha Python) ikipakua, kompyuta ikiwaka upya, wewe ukitafuta faili, simu ikiita, "eeeh" ndefu. Kama kusubiri kwenyewe kuna maana, mfano unataka mtu aone programu inachukua muda kweli, usikate, kiongeze kasi. Bofya kipande, nenda Properties, kwenye Speed weka 4 au 8, na kipande hicho ukinyamazishe.

Sasa nikuonyeshe kosa la kuacha, maana hapa ndo penye utamu. Nilikuwa naandika kiprogramu cha hesabu ya malipo ya korosho, mkulima anaingiza kilo zake, inazidisha na bei, baadae tungetoa makato. Bei niliweka ya mfano tu. Niliandika hivi:

    kilo = input("Kilo ngapi? ")
    bei = 2500
    jumla = kilo * bei
    print(jumla)

Nikaiwasha, nikaandika 12, Enter. Nategemea 30000. Terminali ikajaa 121212121212 kutoka juu mpaka chini, herufi 5000, hakuna neno la kosa, hakuna rangi nyekundu, ni 12 tu zimepangana kama magunia ghalani. Kwenye rekodi hiyo ni 14:20, na nilipata jibu 18:05. Humo ndani kuna nini? Sekunde kama kumi nimenyamaza. Afu nikasema "hii haijazidisha, hii imerudia". Afu simu ikaita nikapokea. Nikarudi nikawa napandisha kodi juu na kushusha chini bila kusema neno. Nikaishuku bei, nikaiandika upya, ikatoka vile vile. Mwisho nikaweka print(type(kilo)), ikaniandikia kwamba ni str, yani maandishi, kwa sababu input siku zote inakupa maandishi, na Python ukiiambia maandishi mara 2500 inayarudia mara 2500. Nikaweka float(input("Kilo ngapi? ")), nikapata 30000.0.

Nilichotoa ni ile simu, kule kupanda na kushuka kimya, na sekunde saba za ule mshangao nikaacha tatu. Vingine VYOTE vimebaki, mpaka kuishuku bei ambayo haikuwa na shida, kwa sababu na wewe ungeanza kuishuku bei. Karibu dakika nne zikawa sekunde 50 na hakuna fundisho lililopotea. Kila ukisimama mbele ya kosa jiulize swali moja tu, je, hapa nilikuwa nafikiri kwa sauti au nilikuwa nimekaa? Ukiwa ulifikiri kwa sauti, acha. Ukiwa ulikaa, kata.

Mambo mawili ya kuchunga kwenye kukata. Usikate puani pa neno, bakiza fremu (picha moja moja zinazounda video) 6 mpaka 8 za ukimya kabla na baada, bila hivyo unasikika kama mtu anayekabwa. Na la pili ni la video za kodi tu, wanaoediti video za harusi hawana shida hii: angalia kodi iliyopo kwenye skrini KABLA ya mkato na BAADA ya mkato. Kama mistari mitatu imezuka yenyewe katikati, mtazamaji amepotea na hatarudi, atadhani ni yeye aliyesinzia. Hakikisha kodi ni ile ile pande zote mbili, au umetamka ulichoongeza.

10. Kuza sehemu ndogo. Unapoelezea mabano au nukta mbili, kata kipande hicho kwa S pande zote, kibofye, Filters, chagua Size, Position & Rotate, weka Zoom 150% na sogeza picha mpaka mstari ukae katikati. Mara nne tano kwenye video nzima inatosha, ukizidisha mtu anapata kizunguzungu.

11. Ficha siri. Pitia video ukiangalia vitu vitatu: nywila, funguo za API, yani nywila za programu yako kuingia huduma za mtandaoni (hasa zilizo kwenye faili la .env), na namba za simu, zako au za wateja. Njia salama ni kukikata kipande chote. Kama huwezi, ipo filta ya kuweka ukungu kwenye sehemu ya picha. Lakini sikiliza, ufunguo uliowahi kuonekana kwenye rekodi ubadilishe tu, hata kama umeuziba, maana fremu moja uliyoisahau inatosha mtu kusimamisha video na kuunakili.

12. Safisha sauti. Filta mbili tu. High Pass, uiweke kwenye 80 mpaka 100 Hz, inapunguza ule mngurumo wa chini. Afu Normalize: Two Pass, weka -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), bonyeza Analyze na usubiri imalize. Usipobonyeza Analyze hakuna kitu kitakachobadilika, hilo naulizwa sana. Muziki wa chini mimi sipendi kwenye somo la kodi, mtu anasoma na kusikiliza kwa wakati mmoja, usimwongezee mzigo wa tatu.

13. Toa video. Bonyeza Export, chagua YouTube kwenye orodha ya kushoto, afu bonyeza kitufe cha kutoa faili. Kama bando ni dogo, fungua Advanced, Codec, weka Average Bitrate 2500k kwa 720p. Kwa kiwango hicho dakika 10 zinakaribia MB 190 za picha peke yake, sauti inaongeza kidogo juu yake, kwa hiyo unaweza kujua bando lako litatosha kabla hata hujaanza kupandisha.

14. Ihamishie kwenye SIMU uiangalie yote kabla ya kuipandisha. Siyo kwenye laptopu. Shika simu umbali wa kawaida, mwanga wa kawaida. Usipoweza kusoma kodi bila kuvuta kioo, rudi hatua ya 10.

15. Pandisha. Akaunti ya YouTube ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu inaishia video za dakika 15, kwa hiyo thibitisha mapema. Kwenye maelezo weka sura: ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi, kila moja sekunde 10 kwenda juu. Hapo ile karatasi ya hatua ya 6 inakusaidia tena, na mimi kosa naliandikia sura yake kabisa, "Mbona inatoa 121212?", maana kuna mtu atatafuta hilo hilo.

Ukikwama

*OBS inaonyesha weusi mtupu.* Mara nyingi ni laptopu yenye kadi mbili za picha. Kwenye Windows nenda Settings, System, Display, Graphics, ongeza OBS uiweke Power saving, ifunge uifungue upya.

*Nilitumia Win+G ya Windows, sioni desktopu yangu.* Ile inarekodi dirisha la programu moja, desktopu na folda haichukui. Rudi OBS.

*Sauti iko sawa mwanzoni, mwishoni imeachana na picha.* Hiyo ni video yenye fremu zisizolingana kwa sekunde, inatokea sana kwa waliorekodi skrini ya simu. Shotcut yenyewe inakuuliza kama iigeuze unapoifungua, ikubalie. Kama uliikataa, bofya klipu, Properties, Convert to Edit-friendly. Faili litakuwa kubwa, ni kawaida, lifute ukimaliza kazi. Kama picha iko sawa na ni sauti ya simu tu inayoteleza kidogo kidogo, ikate kwenye sehemu ya kimya kila baada ya dakika 10 hivi na uisogeze irudi mahali pake.

*Nasikika sikio moja.* Weka filta ya Copy Channel, inanakili upande wenye sauti kwenda upande wa pili.

*Shotcut inakwamakwama nikicheza video.* Tafuta Preview Scaling kwenye menyu uweke 360p, na washa Use Proxy. Hii haigusi ubora wa video utakayotoa, ni ya kuangalizia tu. Funga na Chrome, yenyewe inakula RAM kuliko Shotcut.

*Nimefungua mradi inasema faili hazipo.* Umehamisha folda au uliediti moja kwa moja kwenye fleshi na fleshi leo imepata herufi nyingine. Shotcut inakupa orodha ya zilizopotea, ionyeshe zilipo sasa.

*Nimeshapandisha, YouTube inaonyesha ukungu mtupu.* Haijamaliza kuichakata. Inaanza na ubora wa chini, ubora wa juu unafuata baadae. Kama baada ya masaa kadhaa bado ni ukungu, basi tatizo liko kwenye hatua ya 1 na inabidi urekodi upya, kwenye kuediti hakuna kitu kinachoweza kurudisha herufi ambazo hazikurekodiwa.